Wasifu wa Spika, Aliyeulizwa Swali Mara Mbili

Siku marehemu alipofikishwa kwa shangazi yake, mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma na foleni ya wateja imetoka nje hadi barabarani. Aliyemleta ni baba yake, dereva wa lori la masafa marefu. Alikuwa amemzika mkewe majuzi tu, na hakujua afanye nini na mtoto wa kike wa miaka sita. Aliegesha lori, akapenya hadi kaunta, akamweleza dada yake shida yake. Masikio ya shangazi yalikwisha kuliwa na ile mashine tangu zamani, lakini midomo ya kaka yake alijua kuisoma toka utotoni. Alielewa vizuri sana alichoombwa. Akajibu kama alivyowajibu wote waliomletea maneno ya kumpunguzia faida.

"Sikusikia."

Kaka akarudia.

"Sikusikia," akasema shangazi, huku anaendelea kuchota nafaka kwa kopo la kupimia.

Hapo mtoto akapanda juu ya gunia, akajishika kiuno, akapaza sauti iliyoizidi mashine: "ANASEMA NIKAE KWAKO!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja mwenye beseni kichwani akasema, "Haya, mwenye mashine, na hilo nalo hukulisikia? Huyu si mtoto, huyu ni spika!"

Shangazi alimtazama mtoto kama anavyolitazama gunia lililoshonwa vizuri kupita kiasi, akitafuta tundu liko wapi.

"Unakula nini?"

"Chochote."

"Unaogopa mashine?"

"Naogopa giza."

"Giza hatuna. Tuna vumbi. Na kazi utafanya ipi?"

"Nitakuwa nakwambia watu wanasema nini."

Mapatano yakafungwa palepale, baba mtu amesimama kama mgeni. Mtoto atakaa, atalala taa ikiwaka, atasoma shule. Shangazi naye atapata mtu wa kumfikishia maneno ya wateja kwa sauti yenye nguvu. Kukawa na sharti moja tu, na ni vyema leo lijulikane, maana wengi mlioko hapa mliumizwa nalo bila kujua: shangazi akikaza kitambaa chake cha kichwa, mtoto anyamaze. Mteja akitaja bei ya chini, kitambaa kinakazwa, mtoto anatazama dari, shangazi anasema, "Sikusikia, ndugu yangu, hebu sema tena." Na mtu akishageuka akaona foleni yote imetega sikio, kile alichokisema taratibu kwa mdomo mkavu hawezi kukirudia kwa kelele. Anaongeza. Wachache sana hawakuongeza.

Jina la Spika lilimshika siku hiyohiyo, na wengi wenu hamkuwahi kumjua kwa jingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Mei 1984, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Mama yake alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtu mpole aliyeongea na sindano mdomoni. Alipofariki, mdogo wake Spika, wa kiume, ambaye alikuwa bado ananyonya, alichukuliwa na bibi yao mzaa mama. Baba alibaki na barabara yake. Alikuwa akipita na lori kila alipopata mzigo wa upande huu, anapiga honi mara mbili, na Spika anatoka mbio, unga hadi kwenye kope. Naye alitangulia mbele ya haki mwaka 2009, na Spika ndiye aliyeomba honi ile ipigwe siku ya kumsindikiza.

Elimu ya msingi aliipata katika shule iliyo nyuma ya mashine, ambako sauti yake ilimtangulia. Kwa kuwa nyumbani alizoea kupiga kelele ili asikike, hakujua kuwa duniani kuna namna nyingine ya kuzungumza. Mwalimu wa darasa la tatu alimwita shangazi shuleni.

"Mama, mtoto wako anajibu maswali kama anayenadi mnadani."

"Sikusikia," akasema shangazi.

Mwalimu akasogea. "Nasema, mtoto wako anapiga kelele!"

"Sikusikia."

"MTOTO WAKO ANAPIGA KELELE!"

Madarasa yote mawili ya jirani yakanyamaza. Mwalimu akajisikia mwenyewe, akaketi, akafuta miwani. Toka siku hiyo Spika aliachwa na sauti yake. Mwalimu huyo, ambaye sasa ni mstaafu, yuko hapa leo, na miaka michache iliyopita Spika mwenyewe alimfungia mashine za masikio yote mawili.

Sekondari alisoma bweni, akafaulu vizuri katika fizikia na vibaya katika usafi wa chumba. Mwaka 2006 alihitimu stashahada ya elektroniki katika chuo cha ufundi. Hakutafuta ajira. Alirudi kwenye mashine ya kusaga, akaomba kona iliyokuwa na magunia matupu, akaweka meza, akaanza kutengeneza redio na simu. Shangazi alimpa kona ile kwa sharti kwamba atafagia upande wote, na kona ile hadi leo inafagiliwa.

Mwaka 2011, kwa vipande vya simu zilizokufa, alitengeneza kifaa chake cha kwanza cha kusaidia kusikia. Alikitengeneza kwa ajili ya sikio moja tu duniani, na sikio lenyewe mnalijua.

Shangazi alikivaa asubuhi moja. Alisikia mkanda wa mashine unavyolia na akajua umekaribia kukatika. Akasikia wateja wanavyonong'ona kuhusu kopo lake la kupimia, maneno ambayo hayafai kusomwa mahali kama hapa. Kisha akaja mwenye gari la nafaka, mtu aliyekuwa akimuuzia na kumbana kila msimu, akataja bei ya juu kwa sauti ya kawaida. Shangazi akaisikia. Uso wake ukaonyesha ameisikia. Biashara ikamwendea kombo palepale. Mchana alikivua, akakitia kwenye kikombe kisicho na mkono, akakifungia kabatini.

"Shangazi, hakifanyi kazi?"

"Kinafanya. Tena sana."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo maana kiko kabatini. Nikianza kusikia mara ya kwanza, nitakula nini?"

Spika alicheka, lakini hakusahau. Kila mwaka alimtengenezea kingine, kidogo zaidi na chepesi zaidi, na kila mwaka kikombe kilizidi kujaa.

Masikio ya wengine yalivihitaji vile ambavyo shangazi alivikataa. Mashine za masikio zilizokuwa zikiletwa kutoka nje zilitengenezwa kwa watu wanaoishi kwenye vyumba vyenye zulia. Mtu akizivaa sokoni au gereji, zinamletea kelele yote ya dunia kwa pamoja, anazivua anatia mfukoni. Spika alizirekebisha zake hapohapo penye mngurumo. Alimkalisha mteja kwenye gunia, mashine inasaga, akazungusha bisibisi yake ndogo hadi mtu aseme, "Hapo! Hapo nakusikia wewe." Mwaka 2014 alisajili kampuni na kufungua karakana, ukuta mmoja na mashine ya kusaga, kwa sababu hiyo hasa. Aliajiri mafundi, na zaidi ya nusu yao walikuwa wenyewe wamevaa walichokitengeneza. Mtu akilalamika kuwa kifaa kinakwaruza, fundi alijua kinakwaruzaje.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 7 Desemba 2013, Spika alifunga ndoa na mpiga chapa, aliyekuwa akichapa maandishi kwenye mifuko ya unga wa shangazi. Kijana alikuja kuposa akiwa amevaa koti la kuazima. Alisema anampenda binti na hatamzuia kufanya kazi yake.

"Sikusikia," akasema shangazi, na kitambaa akakikaza.

Akasema tena, akaongeza kwamba atamjengea meza ya kazi nyumbani.

"Sikusikia."

Jasho likamtoka. "Nasema nampenda, nitamjengea meza, na vyombo nitaosha mimi!"

"Hilo nimelisikia," akasema shangazi, akaagiza soda.

Walipotoka nje Spika alimwambia mchumba wake, "Ungenyamaza mara ya pili, ungenipata kwa meza tu." Vyombo ameviosha miaka yote hiyo, hata wiki hii. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, mwaka 2015, naye amechukua sauti ya mama yake bila kupunguziwa.

Sasa tuje kwenye safari ambayo wengi mmeisikia vipande vipande, kila mtu na chumvi yake.

Septemba 2019, waziri wa biashara alikuwa akiongoza ujumbe wa nchi kwenda ng'ambo kutafuta masoko na wabia. Wajumbe walikuwa watu wazito, wenye viwanda vya saruji, ngozi na mbao. Ikaonekana ipo haja ya kuwa na kampuni changa moja, ya vijana, ya kupendezesha picha. Spika akachaguliwa. Alifunga vifaa vyake ndani ya soksi, akatia kwenye sanduku, akapanda ndege kwa mara ya kwanza. Wale wakubwa wakamwita dada wa masikio. Ofisa wa itifaki alimvuta kando siku ya kwanza tu.

"Dada, hapa tunaongea kidogokidogo."

"KAKA, HAPA NDIYO NIMEPUNGUZA," akajibu Spika, na balozi aliyekuwa amesimama karibu akageuka akatazama ukuta mabega yakimtikisika.

Waziri alikuwa ametoa agizo kwamba kila mjumbe azungumze Kiswahili mezani, kwa heshima ya nchi. Wenyeji walileta mkalimani wao, mama wa makamo aliyekisoma Kiswahili chuoni, akakisema kwa usafi ambao sisi wenyewe hatuna. Meza ilikuwa ndefu, glasi za maji, bendera ndogondogo, na kila mmoja amepewa vipokea sauti vya kuvaa masikioni. Spika alivivaa, akakunja uso, akamwambia balozi, "Hivi vimefungwa na mtu asiyevivaa."

Siku ya tatu wakakutana na kampuni kubwa ya wenyeji, watengenezaji wa vifaa vilevile vya masikio. Mkuu wao alikuwa amekipenda kifaa cha Spika waziwazi. Alitaka michoro yote. Angelipa vizuri, na Spika angepewa ofisi na cheo chenye maneno mengi. Lakini karakana ifungwe, vifaa vitengenezwe kwenye kiwanda chao peke yake. Asubuhi yote walivutana hapo. Spika alieleza kuhusu magunia, mngurumo, mafundi wake ambao wangerudi majumbani. Karibu na saa ya chakula mkuu wa kampuni alishusha pumzi, akasema neno, na mkalimani akalileta kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi:

"Kwa hiyo, hamko tayari kuifunga karakana?"

"Ndiyo," akasema Spika, na kichwa akakishusha kwa nguvu kuitikia.

Ninyi nyote hapa mmeielewa. Mtu akikuuliza "Hujala?" nawe una njaa, unasema ndiyo. Ndiyo, sijala. Lakini kule ndiyo yao inatembea upande mmoja tu, wa kukubali. Mkalimani aliichukua kama ilivyo, akaivusha mezani, na watu wakasimama wakapiga makofi. Mkuu wa kampuni akazunguka meza kuja kushika mkono. Waziri, aliyekuwa na siku tatu bila cha kuwapa waandishi wa habari, alimkumbatia mwenye saruji. Ikatangazwa kwamba saini zitawekwa baada ya chakula, mbele ya kamera.

Spika alimfuata waziri kwenye korido.

"Mheshimiwa, wamenielewa vibaya. Nilisema ndiyo, hatuko tayari."

"Binti yangu, umesema ndiyo mbele ya watu wote wale."

"Lakini ndiyo yangu ilikuwa ya hapana."

"Wao hawana ndiyo ya namna hiyo. Weka saini. Tukirudi nyumbani tutaangalia."

Mtu aliyekulia kwenye foleni ya mashine anajua "tutaangalia" ina uzito gani. Akakaa kwenye ngazi za dharura, akapima. Akisema mkalimani amekosea, yule mama atapoteza kazi kwa kosa ambalo si lake. Akisema amegeuza nia, nchi nzima itaonekana ya vigeugeu. Akinyamaza, karakana imefungwa na watu wake wako nje. Akapiga simu nyumbani.

Aliyepokea ni mumewe, aliyekuwa kwenye mashine ameleta mifuko. Mashine ikazimwa. Mpiga chapa akaanza kazi ya kumpigia shangazi kelele, kazi aliyoirithi kwa ndoa.

"Anasema wamemwelewa vibaya! Alisema ndiyo!"

"Ndiyo ipi?"

"Ya hapana!"

"Basi aseme hapana."

"Akisema sasa mkalimani atafukuzwa, na waziri atazirai!"

Shangazi akakung'uta unga mikononi. "Wamemuuliza mara ngapi?"

"Mara moja!"

"Mara moja tu naye amekwisha kujibu? Mimi nilimfundisha nini huyu mtoto?" Akainua mikono yote miwili, akashika ncha za kitambaa chake cha kichwa, akazivuta. "Mwambie nimekaza kitambaa."

"Shangazi, hii ni simu ya ng'ambo, tusizungumzie vitambaa..."

"Mwambie!"

Akamwambia. Upande wa pili kikatoka kicheko ambacho, mpiga chapa anaapa, hata shangazi alikisikia.

Baada ya chakula karatasi zilikuwa zimepangwa, kalamu zimefunguliwa, kamera ziko tayari. Spika akanyoosha mkono kama yuko darasa la tatu.

"Samahanini sana," akasema kwa sauti yake ileile. "Vipokea sauti vyangu vilikuwa vinakwaruza. Sikusikia swali. Naomba liulizwe tena."

Mtengeneza masikio, aliyevushwa mabara na serikali yake aje kuonyesha masikio, anasema hakusikia. Mwenye saruji ndiye aliyeanza kucheka. Balozi akafuata, kisha wenyeji, mwisho hata waziri, maana hakuwa na njia nyingine ya kutoka. Mkalimani hakucheka. Alimtazama Spika muda, akaelewa, rangi ikamrudi usoni. Mkuu wa kampuni alipoanza kulirudia swali, yule mama alilivusha akiwa ameling'oa lile "ha" lililoleta balaa:

"Je, mtaifunga karakana?"

Lakini kabla Spika hajajibu, mkuu wa kampuni alikuwa amekwisha kuziona kamera. Lile alilolisema asubuhi taratibu, watu wachache mezani, sasa alikuwa amelisema kwa sauti mbele ya waandishi: kwamba karakana ndogo ya watu wasiosikia vizuri ifungwe ili kiwanda chake kipate michoro. Akakohoa. Akamnong'oneza wakili wake. Akaomba swali libadilishwe. Safari hii likaja hivi: Je, kampuni yake ingeruhusiwa kutengeneza muundo mmoja tu, na karakana ibaki ilipo, iwe inaletewa vipuri kutoka kiwandani kwao?

"Hilo," akasema Spika, "nimelisikia."

Alirudi nyumbani bila ofisi, bila cheo, na malipo madogo sana ukilinganisha na yale ya asubuhi. Waziri aliagana na kila mjumbe uwanja wa ndege isipokuwa yeye, na hakualikwa tena kwenye msafara wowote. Karakana ilibaki na vipuri vikaja. Spika alifika kwenye mashine na sanduku lake mkononi, akasimama mbele ya kaunta.

"Shangazi, asante."

"Sikusikia," akasema shangazi.

"ASANTE!"

"Eeh. Fagia kona yako."

Ugonjwa ulimwanzia kooni, katikati ya mwaka 2022. Mwanzoni tulidhani ni vumbi. Sauti ilikwaruza, watu wakamtania kwamba spika imepasuka. Vipimo vilionyesha uvimbe, na uvimbe ulikuwa wa aina ile ambayo madaktari huwatoa ndugu nje kwanza. Alifanyiwa upasuaji Januari 2023, akapata nafuu, akarudi karakana, akafanya kazi akiwaandikia mafundi kwa chaki ukutani. Kufikia mwisho wa mwaka ule uvimbe ulikuwa umerudi. Sauti iliyowahi kuizidi mashine ya kusaga ilibaki pumzi tu.

Shangazi alikwenda hospitali kila alasiri. Alikaa kwenye kiti cha chuma upande wa dirishani. Spika alipozungumza, aliona midomo inacheza, lakini midomo yenyewe ilikuwa imevimba na kupinda kwa dawa, haisomeki tena. Siku moja Spika alisema jambo refu. Shangazi akainama.

"Sikusikia, mwanangu. Sema tena."

Miaka yote ile, neno hilo lilikuwa la biashara. Safari hii alikuwa hakusikia kweli. Spika akatikisa kichwa, akamwashiria mumewe asogee, akamnong'oneza. Mpiga chapa akafikisha kwa kelele:

"Anasema hasemi mara mbili. Anasema pumzi hana, na safari hii huwezi kumwongezesha."

Shangazi akainuka, akachukua mkoba, akaondoka bila kuaga. Akaenda nyumbani, akafungua kabati, akamwaga kile kikombe kisicho na mkono juu ya kitanda. Vilikuwa vingi, vikubwa kwa vidogo, na shangazi hakujua kipi ni cha mwisho. Akavijaribu kimoja kimoja hadi alipoisikia saa ya ukutani, ambayo aliamini ilikuwa imekufa zamani.

Kesho yake aliingia wodini akiwa amefunga kitambaa nyuma ya masikio, kifaa kiko wazi. Akasikia viatu vya muuguzi. Akasikia kiti chake mwenyewe. Akasikia pumzi ya Spika jinsi inavyopanda na kukwama, jambo ambalo wote mle ndani walikuwa wakilisikia kwa miezi na yeye peke yake ndiye aliyekuwa amelikwepa. Akaketi.

"Haya, sema. Niko."

Walizungumza siku hiyo na siku nyingine chache zilizobaki. Waliyoyazungumza ni yao. Moja tu litasemwa hapa, kwa kuwa mpiga chapa alikuwepo na angelisema hata hivyo.

"Shangazi," akanong'ona Spika, "mimi nikiondoka, hutakirudisha kabatini?"

"Ndiyo," akasema shangazi.

Spika akafumbua macho yote mawili. "Ndiyo ipi?"

"Ile yako."

Akacheka. Kicheko hakikuwa na sauti, kilikuwa ni mtikisiko wa shuka tu na mlio mdogo kifuani, na shangazi akausikia.

Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2024, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Shangazi na mpiga chapa walikuwa kwenye benchi la korido, wametolewa nje ili madaktari wafanye kazi yao. Mlango ulifunguliwa, akatoka daktari, binti mdogo tu, akasema alichotoka kukisema kwa sauti ya chini, kama wanavyofundishwa. Mikono ya shangazi ikapanda yenyewe hadi kwenye kitambaa, ikashika ncha zake. Lakini alikuwa amekwisha kusikia. Alisikia kila neno, mara ya kwanza, na hapakuwa na la kuomba lirudiwe. Akaishusha mikono.

Kwa hiyo mapatano ya juu ya gunia yamefikia mwisho, na kila upande umeondoka na chake. Mtoto alilala taa ikiwaka, akasoma, akaifungua karakana ambayo kesho asubuhi itafunguliwa kama kawaida, na likapatikana lile alilolidai tangu mwaka 2011, kwamba shangazi yake amsikie. Shangazi amepata masikio. Amepoteza silaha yake ya kazi, maana wateja wamekwisha kuliona lile dude nyuma ya sikio na sasa wanataja bei kwa kunong'ona, makusudi. Na amempoteza aliyekuwa akimfikishia maneno, wakati ambapo angeweza kuyasikia bila kupigiwa kelele.

Marehemu ameacha mume, mpiga chapa, aliyechapa karatasi hizi mlizozishika na kulalamika kwamba wasifu ni mrefu; binti yao mwenye umri wa miaka minane; mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye anayewasomea; mafundi wote wa karakana, ambao wameomba wahesabiwe kama ndugu, na wamehesabiwa; na shangazi yake, aliyekaa mstari wa mbele. Mtakapokwenda kumpa pole, msipige kelele.

Apumzike sasa, asirudie tena neno kwa ajili ya mtu. Amesikika.